Doa la Bosi

Mimi ni mtu wa kinyaa na sioni haya kusema. Unywele mmoja kwenye chai unatosha kuniharibia siku nzima. Watu hunicheka kwa sababu kazi yangu ni udobi, na dobi hana pa kuchagua: shuka za wagonjwa, soksi za walinzi, aproni za bucha, vyote vinapita mikononi mwangu. Nawaambia wacheke tu. Mtu mwenye kinyaa kama changu sijui angefanya kazi gani nyingine.

Haya ninayoyasimulia yalimpata shangazi yangu, dada wa baba, aliyetulea mimi na mdogo wangu tangu mama alipofariki. Sikuyasikia kwa mtu. Nilikuwepo, na sehemu kubwa ya makosa ni yangu.

Siku ilianza kama siku nyingine. Ilikuwa Jumanne mchana, mimi napiga pasi mashati ya hoteli, mdogo wangu amekalia kreti ya soda, anachaji betri zake kwenye soketi yangu bila hata kuomba. Mtaani wanamwita Mwewe. Ana droni yenye kamera ya joto, na kazi yake ni kutafuta wanyama wa watu waliopotea. Mbwa, paka, na mara moja kobe, ambaye hakumpata mpaka leo kwa sababu kobe hana joto la maana. Alipoianza kazi hiyo nilimtania mpaka akanuna. Siku hizi namsaidia. Yeye anarusha, mimi nakodolea macho kioo, maana mtu mmoja akifanya yote mawili ataishia kugonga mti.

Kioo chenyewe si kigumu kukisoma. Kilicho baridi ni cheusi, chenye joto ni cheupe. Ndiyo maana tunatoka alfajiri, kabla jua halijapasha mabati na mawe, kwa kuwa likishapasha kila kitu kinakuwa cheupe na huoni lolote. Mwanzoni nilidhani nimeshaelewa. Kisha tukaitwa na mwalimu mmoja aliyepotelewa na mbwa. Chini ya daraja nikaona kitu cheupe kinawaka, kimetulia. Nikamwambia mwalimu, yupo, amelala. Alikimbia na mnyororo mkononi, akapiga magoti, akamkumbatia mbwa wake kabla hajamwona vizuri. Halafu akamwona.

Mbwa alikuwa amekufa siku tano nyuma. Mwewe alinieleza baadaye, tukiwa garini, kwamba funza wakijaa kwenye mzoga wanachemka, wanatoa joto kuliko hata mnyama mzima. Joto nililoliona lilikuwa lao. Tangu siku hiyo akanifundisha tofauti: aliye hai ni mweupe mwili mzima, mzoga ni mweupe mabaka mabaka. Mdomoni, machoni, tumboni. Sikula wali mwezi mzima.

Basi Jumanne hiyo, pasi ikiwa mkononi, shangazi akaingia. Hakuwa na mtandio, na ndala alizovaa zilikuwa za rangi mbili tofauti. Akatuambia Bosi amepotea, leo siku ya tatu.

Hapa lazima nieleze, maana Bosi walikuwa wawili.

Bosi wa kwanza alikuwa mume wake. Fundi wa malori, mwenye gereji yake, mwenye sauti yake. Alitaka mke amwite Bosi, na sisi tuliokulia kwake tukamwita hivyohivyo. Miaka arobaini. Alikuwa anatafuna mdomo wazi, chakula unakiona kinavyozunguka. Akimaliza kula hanawi. Shangazi akiinama kuondoa sahani, yeye ananyoosha mkono wenye mafuta na kujifuta begani kwake, bega la kushoto, kama mtu anayejifutia tambara la gereji. Hata wageni wakiwepo. Shangazi alikuwa anasubiri amalize ndipo aondoke na sahani.

Magauni hayo niliyafua mimi, miaka kumi na mmoja. Lile doa nalijua kuliko ninavyoijua sahihi yangu. Dole gumba mbele, karibu na kola. Nyuma vidole vitatu na pengo katikati, kwa sababu kidole chake cha kati kilikatwa na feni ya injini. Nililiita doa la Bosi. Nililitoa kwa maji ya moto, sabuni ya kipande, na matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Alikufa miezi mitatu kabla ya Jumanne hiyo, moyo ukimsimama juu ya sahani. Alizikwa makaburini, ng'ambo ya mikaratusi iliyo nyuma ya nyumba yao. Sikulia, na sijifanyi kwamba nililia. Shangazi alilia wiki moja. Wiki ya pili akaleta paka mweupe mwenye sikio moja jeusi, akamweka kwenye kochi kubwa la dirishani, ambalo katika maisha yetu yote hakuna aliyelikalia ila yule mzee, akampa jina la Bosi.

"Bosi, shuka hapo," alikuwa anamwambia, kwa sauti ya juu, ya utani. "Bosi, nyamaza, hapa nasema mimi." Kisha anacheka mpaka anajifuta machozi. Ana miaka sitini na tano, na ndiyo kwanza nikamwona akicheka meno yote nje. Nguo zake zikaanza kunijia na vumbi tu. Nilikuwa naliangalia bega la kushoto, nalikuta safi, na nasema kweli nilifurahi kama mtu aliyepata mtoto.

Sasa paka ameondoka, na shangazi hajala siku tatu. Nilimwambia tutamtafutia paka mwingine. Akatikisa kichwa, akashika ukingo wa meza yangu ya pasi.

"Bila yule paka," alisema kwa sauti ndogo, "nyumba inarudi kuwa yake."

Mwewe ana spika ndogo anayoifunga chini ya droni. Mnyama aliyeingiwa na woga hamfuati mgeni, lakini akisikia sauti ya mwenyewe huwa anatoka mafichoni. Ana sharti moja tu: sauti haichezwi mpaka mnyama aonekane kwenye kioo na ijulikane hakika ni yeye. Ukiita ovyo uwanjani hujui nani ataitika. Wamewahi kuitika mbwa wa mtaani kumi, na siku moja mlevi mmoja aliyedhani anaitwa na mke wake.

Tulimrekodi shangazi palepale. Mwewe alimpa simu, akamwambia aite kama anavyoita akitaka Bosi arudi nyumbani. Hayo ndiyo maneno aliyotumia. Shangazi akafumba macho. Nikangoja ile sauti ya utani.

"Bosi. Njoo nyumbani. Chakula kiko tayari. Mlango nimeuacha wazi."

Haikuwa sauti ya paka. Ilikuwa ile ya zamani, ya chini, kila neno analitua taratibu, kama anayetua sahani iliyojaa mbele ya mtu mwenye hasira. Niliitambua mara moja. Mwewe naye akasita, akasema tuirudie, aite kama anavyomwita paka. Lakini mashati arobaini ya hoteli yalikuwa yananingoja na moto wa pasi unapotea. Nikasema inatosha, iache hivyohivyo.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri tulikuwa nyuma ya nyumba ya shangazi, gari tumeliegesha mwanzo wa mikaratusi. Baridi ilikuwa inauma masikio. Yeye tulimwambia akae jikoni, mlango wa nyuma wazi, bakuli la samaki kizingitini, paka akikimbilia kwao akute kila kitu tayari. Kulikuwa na mwanga wa mwezi wa kutosha kuiona njia inayotoka makaburini hadi mlangoni. Kijia cha udongo, kitupu.

Droni ikapaa. Miti myeusi. Njia nyeusi. Ukuta wa makaburi mweusi, makaburi meusi. Dakika nane hatukuona chochote zaidi ya panya wawili. Kisha, upande wa makaburi mapya, nikaona weupe chini.

Haukuwa weupe wa kuwaka. Ulikuwa umefifia, na sikuweza kujua ukubwa wake. Mwewe akaninong'oneza ningoje, aishushe droni tuone vizuri. Nilimwona shangazi akilini, mikono yake juu ya meza yangu, siku nne sasa hajala. Nikabonyeza kitufe cha sauti.

Kule juu ya makaburi, shangazi yangu akaita. Bosi. Njoo nyumbani. Chakula kiko tayari. Mlango nimeuacha wazi. Ilikuwa imewekwa ijirudie. Ikajirudia mara ya pili. Mara ya tatu.

Ule weupe ukarefuka.

Ukaketi.

Nilidhani kioo kina hitilafu. Nilikifuta kwa mkono wa sweta. Ulikuwa mabaka mabaka. Baka mahali pa mdomo. Mawili mahali pa macho. Baka kubwa tumboni. Na mabaka yenyewe hayakutulia, yalikuwa yanahama, yanachemka, linatoka moja linaingia jingine.

Kile kitu kikasimama.

"Dada," Mwewe alininong'oneza. "Zima."

Nilikuwa nimeshazima. Lakini kilikuwa kimeshasikia. Kikapita lango la makaburi, kikashika njia. Hakikutufuata sisi. Kilijua kinakokwenda, na kilitembea kama mtu aliyechelewa chakula. Kila kilipokanyaga viliachwa vitone vyeupe chini, vidogo sana. Mwewe aliishusha droni kidogo. Vitone vilikuwa vinatambaa, vinakifuata.

Niliinua macho kutoka kwenye kioo nikaitazama njia yenyewe, kwa macho yangu. Ilikuwa tupu. Niliangalia kioo. Kilikuwa hatua ishirini kutoka garini. Niliangalia njia. Tupu. Halafu harufu ikafika.

Ingekuwa harufu ya mzoga tu, ningeivumilia. Mzoga nimeshaunusa. Lakini ndani yake mlikuwa na mafuta ya nyama yaliyolala, na sabuni ya gereji, na jasho la kola, harufu niliyoinusa miaka kumi na mmoja kila Jumatatu. Ilinijaa mdomoni. Ilikaa kwenye ulimi. Nilitapika kando ya tairi na hata hapo sikusikia ladha ya matapishi.

Kitu kikaruka dirishani na kuingia garini. Kilikuwa paka. Mweupe, sikio moja jeusi. Alijipenyeza chini ya kiti na kujikojolea, na macho yake hayakutoka kwenye ile njia. Paka tuliyekuja kumtafuta alikuwa mikononi mwetu, na sisi hatukuweza hata kufurahi.

Mwewe aliipeleka droni juu ya nyumba. Kwenye kioo mlango wa nyuma ulionekana, mwanga wa joto la jiko, na shangazi amesimama kizingitini. Mweupe mwili mzima. Hai. Alikuwa ameinama kuitazama njia, anamtafuta paka. Kile kitu kikamkaribia. Hatua kumi. Tano. Nilipiga kelele jina lake, sijui kama alisikia.

Akainuka wima. Akabaki hivyo kidogo.

Kisha akasogea pembeni, akapisha.

Kikaingia. Na shangazi yangu akafunga mlango.

Tulikimbia. Sikumbuki kukimbia, nakumbuka tu ndala moja imenitoka na kitu laini kimepasuka chini ya unyayo, na sikusimama kukitazama. Mlango ulikuwa haujafungwa kwa ufunguo. Ndani taa ya jikoni ilikuwa inawaka na kila kitu kilikuwa mahali pake. Samaki aliyemweka kwa ajili ya paka alikuwa mezani, kwenye sahani nzuri. Shangazi alikuwa anapanga kijiko. Nikamwambia Bosi amepatikana, yuko garini, mzima. Hakugeuka.

"Usipige kelele," alisema.

Sebuleni hakukuwa na mtu. Kochi la dirishani lilikuwa tupu, mto wake umejaa vizuri, manyoya ya paka bado yamenata. Mwewe ana kamera nyingine ndogo ya joto, ya mkononi, anayoitumia kuchungulia darini na chini ya vitanda. Aliinua mkono na kulielekezea kochi. Alitazama mara moja, akanipa mimi. Sijui kwa nini alinipa.

Mahali pa kukalia palikuwa peupe, pa upana wa makalio ya mtu mzito. Mabaka mabaka. Mahali pa kuegemea palikuwa peupe. Juu ya mkono wa kochi palikuwa na alama ya kiganja, na kilikuwa na pengo katikati. Kiganja kikafungika. Kikafunguka tena.

Nilimshika shangazi mkono, nikamnong'oneza sikioni twende kwangu, sasa hivi, usichukue chochote. Mkono wake ulikuwa mzito. Uso wake nilikuwa nimeuzoea miezi hii mitatu, uso uliofunguka. Sasa ulikuwa umejifunga tena, ule niliokua nikiuona.

"Mlango nimefunga mimi, mwanangu," alisema. "Miaka arobaini, akishaingia, mimi ndiye ninayefunga."

Akachukua sahani, akaipeleka sebuleni. Tulimwona akiinama kuiweka kwenye meza ndogo ya kochi. Akabaki ameinama, bega la kushoto mbele, anasubiri.

Nimejaribu kila nililoweza. Nimemfuata na gari mara nne. Nimelia mbele yake, nimemgombeza, nimemwomba anisamehe kwa kumwita mtu ambaye alikuwa ameshaachana naye. Ananiambia hajambo. Siku hizi anakula, ila anakula amesimama, jikoni, baadaye, mabaki. Haketi barazani tena. Ukicheka nyumbani kwake anatazama sebuleni kwanza. Mwewe alifuta video yote na kuitupa spika kwenye pipa la taka, kisha akarudi akaitoa pipani na kuipiga nyundo. Mambo hayo hataki tuyazungumze. Paka anaishi kwangu, analala juu ya mashati yaliyotoka kwenye pasi. Hatujampa jina. Tukimtaka tunamfuata alipo.

Wiki mbili baada ya hapo nguo za shangazi za kufua zilinijia kama kawaida. Nilitoa gauni la kwanza na kuligeuza bega la kushoto kabla sijajiuliza ninatafuta nini. Dole gumba mbele. Vidole vitatu nyuma. Nililichemsha mara tatu, nikalisugua mpaka uzi ukaanza kulegea. Mafuta ya kawaida yanatoka kwa maji ya moto, hilo najua kama ninavyojua jina langu. Haya hayakutoka.

Jana jioni kaleta mfuko mwingine. Aliniachia mlangoni na kuondoka haraka, chungu kiko motoni, nadhani. Niliusukumia chini ya meza. Leo asubuhi paka aliukwepa, akapanda juu ya kabati, mkia umevimba. Nikaufungua. Gauni la bluu, lile alilonunua baada ya msiba, ambalo Bosi hakuwahi kuliona akiwa hai. Nililishika kwa vidole viwili na kulitandaza mezani. Doa lilikuwa mahali pake. Ndani ya pengo la vidole palikuwa na punje ya wali.

Ikajikunja, ikajinyoosha, ikaingia kwenye mshono.

Sikulitupa. Nitalitupaje, ni gauni la shangazi yangu, na akikosa gauni itakuwa nguo nyingine. Niliweka maji jikoni. Wakati nangoja yachemke nikalazimisha mkono wangu, mimi mtu wa kinyaa, nikaweka kiganja juu ya bega lile.

Mfuko ulikuwa umelala kwenye sakafu ya saruji usiku kucha. Gauni lote lilikuwa baridi. Doa lilikuwa la moto.